Hali ya Awali

Fomu niliyopewa ilizaliwa pwani.
Ukurasa wa nne unauliza idadi ya kasa,
upana wa mikoko, kina cha maji wakati wa bamvua,
nami nimesimama Chisegu, mashariki ya Dodoma,
vumbi limepita kiatu, limeingia hadi soksi,
na maji ya karibu yamo kwenye dumu la Sechelela,
lita ishirini, shilingi mia tatu.

Naandika: Kasa, hakuna.
Mikoko, hakuna.
Bamvua, haihusiki.
Mhandisi Kusila anachungulia begani kwangu, anacheka:
"Basi umemaliza, dada.
Bandari kavu haina samaki wa kuua."

Sijamaliza.
Bandari ni bandari hata ikikosa bahari.
Makontena yatakuja kwa reli, yatapandana manne manne,
malori yatanguruma kwenye foleni usiku kucha,
dizeli itadondoka, tone, tone,
na ekari mia mbili za mbuga
zitavikwa zege lisilokunywa.
Mvua ya Desemba, ambayo huku huja kwa nadra na kwa hasira,
itauliza njia.
Nimeufuata mteremko kwa miguu, nikipima:
njia ni korongo,
na korongo linaishia kwenye zabibu za Ndahani,
mistari kumi na tisa, ameipogoa juzi,
vidonda vya matawi bado vinatoa machozi.

Kusila ana hoja, nisimdhulumu.
Alizeti ya Kongwa itasafiri kwa nauli nafuu.
Malori yatapungua milimani kule Gairo,
na wajane wa madereva watapungua nao.
Hilo nimeliandika pia. Lina kisanduku chake.

Sehemu ya tatu inataka "hali ya awali",
yaani: palikuwaje kabla hatujafika?
Kina cha kisima: faili halionekani.
Kelele: hakuna aliyewahi kuupima ukimya.
Vumbi: kifaa kimekwama forodhani,
kwenye bandari ile nyingine, yenye maji.

Basi namuuliza Sechelela,
naye anaanza na kamba.
Mwaka aliomzaa Nyemo, kamba ya kisima ilikuwa pima tano.
Nyemo alipoingia darasa la kwanza, pima saba.
Mwaka juzi waliunga kamba mbili kwa fundo,
wakadhani fundo litabaki juu, kwenye ukavu, milele.
Anatandaza mikono yake kunionyesha pima moja,
kidole hadi kidole, kifua kikiwa katikati.
Mimi naigeuza kuwa mita na nukta mbili za desimali,
na najua kuna kitu kimedondoka njiani.

"Na mlenda?" ananiuliza.
"Mlenda gani?"
Anaelekeza kidevu kwenye vigingi vyekundu vya wapima ardhi.
"Ule unaoota pale mvua ikinyesha. Haupandwi na mtu.
Mtauandika wapi usio na mwenyewe?"
Nakagua fomu, mbele na nyuma.
Kuna mstari wa makaburi. Kuna mstari wa minara ya simu.

Usiku, nyumba ya wageni mjini, umeme umekatika,
nafanya kazi kwa tochi ya simu.
Wenyeji husimulia tembo aliyedidimia topeni,
na mji ukachukua jina hapo.
Nimefanya kazi Tanga, nimefanya kazi Mtwara,
sijaona mji wa pwani unaojiita kwa kuzama.
Umekuja kujiita hivyo huu, uliolala mbali na wimbi.

Kusila anapiga: "Weka athari ndogo, tulale.
Treni haiwezi kusubiri mlenda."
Visanduku ni vitatu: ndogo, wastani, kubwa.
Kalamu inatembea juu yake kama kuku asiyejua pa kutagia.
Naomba bwawa la kukingia maji ya zege.
Naomba mtego wa mafuta, na mita kisimani, isomwe kila mwezi
na mtu wa Chisegu, kwa malipo.
Kisha narudi ukurasa wa nne,
penye kasa,
nafuta "hakuna",
naandika:
Kamba, pima kumi na moja.
Fundo limelowa.